Kichaa cha Mbwa na Hesabu ya Bibi Cleaveland

Mji wa Babati, ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, umekaa karibu na ziwa lenye viboko, chini ya Mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Wakaao humo na katika vijiji vya jirani ni wakulima na wafugaji, Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na wengine wengi, na mbwa ni wengi miongoni mwao. Mbwa huwafukuza nyani na ngiri shambani, hulinda zizi usiku, na mchana hufuatana na watoto machungani. Hata hivyo hapewi heshima kubwa. Ng'ombe akipotea, kijiji kizima huamka. Mbwa akipotea, ni wachache waulizao.

Kwa sababu hiyo ugonjwa wa mbwa huweza kupita katika nchi kimya kimya, na ukubwa wake usijulikane mpaka atokee mtu wa kuuhesabu. Habari hii ni ya mtu aliyeuhesabu, na ya jinsi hesabu yake ilivyoshikwa na wataalamu wa nchi nyingine, huyu akimpokea yule, hata ikafika mbali sana na vijiji ilikotoka.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa. Kimelea chake ni kirusi kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akimwuma mtu, kirusi huingia katika kidonda, kisha husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Mgonjwa akiisha kuonyesha dalili, kama kuogopa maji, kupapatika na kuweweseka, hakuna dawa ya kumponya, naye hufa karibu kila mara. Lakini ile safari ndefu ya kirusi ndiyo nafasi ya mtu kuokoka. Kidonda kikioshwa papo hapo kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa robo saa, na mtu akichanjwa hospitali mapema kwa taratibu zake zote, ugonjwa huzuiwa. Kwa hiyo kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa amekufa kwa ugonjwa ambao ungaliweza kuzuiwa, wala hakuna maradhi mengi ambayo neno hilo laweza kusemwa juu yake kwa hakika namna hii.

Sasa mfikirie mtoto mwenye miaka 9, achungaye mbuzi mbali na barabara. Anaumwa mguuni na mbwa mgeni. Jeraha ni dogo, nyumbani linafungwa kitambaa, na baada ya siku chache limekauka. Miezi miwili ikapita. Mtoto akashikwa na homa, akakataa maji, akaanza kupiga kelele usiku. Wengine wakasema ni malaria imepanda kichwani, wengine wakasema amerogwa. Akafa nyumbani, akazikwa. Je, kifo hicho kimeandikwa katika kitabu gani? Hospitali haikumwona, kwa hiyo katika kitabu cha hospitali hayumo. Mwisho wa mwaka Wizara hukusanya vitabu vyote na kujumlisha, na jumla ikiwa ndogo, wakubwa husema ugonjwa huu si tatizo, na fedha hupelekwa penginepo.

Hapo ndipo ilipoingia kazi ya Bibi Sarah Cleaveland. Yeye ni Mwingereza, aliyesomea utabibu wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika miaka ya 1990 alifika nyanda za Serengeti kuchunguza maradhi ya mbwa, na mwaka 1996 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London kwa kazi hiyo. Baadaye alifundisha Edinburgh, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Elimu aliyoishika huitwa epidemiolojia. Tabibu wa kawaida humtazama mgonjwa mmoja mmoja na kuuliza, “Mtu huyu anaumwa nini?” Mtaalamu wa epidemiolojia huwatazama watu wengi kwa pamoja na kuuliza, “Ni nani waumwao, wako wapi, tangu lini, na kwa nini hawa waumwe na wale wasiumwe?” Kazi yake yafanana na ya mwindaji afuataye nyayo: hamwoni mnyama, lakini kwa alama alizoziacha ajua alikopita.

Alipokuwa Serengeti kulitokea msiba uliozisaidia sana fikira za wataalamu. Mwaka 1994 simba walianza kufa wakitetemeka na kuanguka, hata karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti wakapotea. Wachunguzi wakakuta ni ugonjwa uitwao distempa, nao ni ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa vijijini, wale ambao hakuna aliyewahesabu, ndio waliodhaniwa kuwa asili yake. Watu waliokuwa wakimdharau mbwa wakaanza kumtazama kwa macho mengine, ingawa ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba dunia ilishtushwa na kifo cha simba kabla ya kushtushwa na kifo cha mtoto mchungaji.

Lakini yule mtoto hakusahauliwa. Mwaka 2002 Bibi Cleaveland na wenzake watatu, Eric Fèvre, Magai Kaare na Paul Coleman, walitoa makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Walitaka kujua ni watu wangapi wanaokufa Tanzania kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Wangewezaje, na wafu wenyewe hawamo vitabuni? Jibu lao lilikuwa jepesi kama majibu mengi ya akili: wasiwahesabu waliokufa, bali wawahesabu walioumwa. Mtu aliyeumwa yu hai, na jeraha halina siri. Ukipita kijijini ukauliza, “Ni nani aliyeumwa na mbwa mwaka huu?” utajibiwa.

Kutoka kwa walioumwa walishuka hatua kwa hatua mpaka kwa waliokufa. Kwanza waliuliza, katika mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa, ni wangapi waliokuwa nacho kweli, kwa ushahidi wa maabara. Kisha waliuliza jeraha lilikuwa wapi mwilini, kwa maana aliyeumwa kichwani yumo hatarini kuliko aliyeumwa mguuni. Njia ya kirusi kwenda ubongoni ni fupi, na hii ni sababu moja ya watoto kuumia zaidi, kwa kuwa uso wa mtoto mdogo uko karibu na kinywa cha mbwa. Tena waliuliza ni wangapi waliopata chanjo. Kila hatua hupunguza idadi. Kwa mfano wa kufundishia tu: watu 100 wakiumwa, na mbwa 60 kati ya waliowauma wakawa na kichaa kweli, na watu 40 kati ya hao 60 wakachanjwa, wamebaki 20 walio hatarini, na katika hao 20, kila mmoja ana hatari yake kwa kadiri ya mahali alipoumwa. Hesabu za darasani zatosha, mradi idadi za kwanza ziwe za kweli.

Na hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Walipotumia idadi ya walioumwa kama ilivyoletwa na vitabu vya taifa, hesabu yao ilitoa vifo 193 kwa mwaka. Walipotumia idadi iliyopatikana kwa kutoka nje na kuwatafuta walioumwa, hesabu ile ile, kwa hatua zile zile, ilitoa vifo 1,499 kwa mwaka. Tofauti haikutoka katika akili ya mwenye kuhesabu, bali katika miguu yake. Tena waandishi hawakudai kwamba 1,499 ni idadi kamili. Walisema kweli yaweza kuwa kati ya 891 na 2,238. Wakamaliza kwa neno zito, kwamba vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania huenda vikafika mara 100 ya vile vilivyoandikwa rasmi.

Makala ya kurasa chache, juu ya mbwa wa vijijini, ingaliweza kulala kabatini. Ili kujua kwa nini haikulala, lazima kufahamu desturi moja ya wataalamu. Mtaalamu anapoandika, kila neno alilolipokea kwa mwingine hulitaja lilikotoka: fulani amesema hivi, mwaka fulani, katika kitabu fulani. Kumtaja huko huitwa kumnukuu. Ni adabu, maana ni kukiri deni. Tena ni ulinzi, maana msomaji akitilia shaka aweza kurudi nyuma na kukagua. Basi makala ikinukuliwa na wengi, ni dalili kwamba wengi wamejenga juu yake. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kutoa faharasa kubwa yenye kuonyesha ni makala zipi zilizonukuliwa na zipi. Mwaka 2005 mtaalamu mwingine, Jorge Hirsch, akatunga kipimo cha mtu mmoja mmoja: mtu akiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa mara 10 au zaidi, kipimo chake ni 10, akiwa na 50 zilizonukuliwa mara 50 au zaidi, ni 50. Makala moja yenye sifa kubwa haitoshi kukipandisha, wala makala nyingi zisizosomwa na mtu.

Kwa vipimo hivyo Bibi Cleaveland yumo miongoni mwa wanaonukuliwa sana katika elimu yake. Makala yake moja ya mwaka 2001, aliyoiandika na Karen Laurenson na Louise Taylor, imenukuliwa na makala nyingine zaidi ya 1,000. Humo waliorodhesha vimelea 1,415 viletavyo maradhi kwa watu, 616 kwa mifugo na 374 kwa mbwa na paka, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya vimelea vya watu huingia pia katika viumbe vya jinsi nyingine. Wataalamu wa nchi nyingi, wakitaka kueleza kwa nini tabibu wa watu na tabibu wa wanyama wafanye kazi pamoja, huianza hoja yao kwa orodha hiyo.

Makala ya mbwa ilisafiri kwa njia nyingine. Mwaka 2005 Darryn Knobel na wenzake, Bibi Cleaveland akiwa mmoja wao, walizichukua zile hatua za Tanzania wakazitumia kwa Afrika na Asia nzima, wakapata vifo 55,000 kwa mwaka: 31,000 Asia na 24,000 Afrika. Mwaka 2015 Katie Hampson, aliyekuwa amepita nyumba kwa nyumba Serengeti na Ngorongoro akifuatilia mbwa gani alimwuma nani, aliongoza kundi lililofanya hesabu hiyo tena kwa dunia yote, wakapata vifo 59,000. Hiyo ndiyo idadi iliyoshikwa na mashirika ya dunia. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake lilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa ifikapo mwaka 2030. Hivi ndivyo nukuu zifanyavyo kazi. Mtu akimwuliza waziri katika nchi ya mbali idadi ile imetoka wapi, akarudi nyuma makala kwa makala, atafika mwisho kwa watu waliokwenda kijijini Tanzania wakiuliza, “Ni nani aliyeumwa?”

Hata hivyo kipimo cha nukuu kina upofu ule ule wa kitabu cha hospitali: huandika waliofika tu. Mchanjaji aliyebeba sanduku la barafu juani hanukuliwi. Mwenyekiti wa kijiji aliyewakusanya watu hanukuliwi. Tena mtu aweza kunukuliwa sana kwa kuwa amekosea, na wengine wote wanamsahihisha. Kwa hiyo wenye busara hukitumia kipimo hicho kama mkulima atumiavyo kimo cha mahindi: chaeleza jambo, lakini bado lazima kufungua gunzi.

Mmoja wa wale watatu wenzake astahili kutajwa zaidi. Daktari Magai Kaare alikuwa Mtanzania, tabibu wa wanyama, naye ndiye aliyeongoza kazi ya kuchanja mbwa kuzunguka Serengeti. Alifariki mwaka 2008 kwa ajali ya gari. Mwaka 2009 ilitoka makala yenye jina lake kwanza, juu ya swali ambalo kila mchanjaji wa Babati angependa kulijua: mbwa waitwe waje mahali pamoja, au mchanjaji awafuate nyumbani? Katika vijiji vya wakulima wenye mifugo, kuita watu mahali pamoja kulitosha, nako kulikuwa rahisi kwa gharama. Kwa wafugaji walio mbalimbali nyikani, njia hiyo peke yake haikutosha. Ilibidi kuongeza njia nyingine, kama kuwafikia bomani mwao. Wilaya ya Babati ina watu wa namna zote mbili, na mpango mmoja hauwezi kuwafaa wote.

Kwamba kuchanja mbwa kwafaa, hilo lilikuwa limekwisha kuonekana. Katika Wilaya ya Serengeti mbwa walichanjwa mara nne kati ya mwaka 1996 na 2001. Kila mara walifikiwa mbwa kati ya 61 na 74 katika kila 100. Baada ya mara ya kwanza ugonjwa wa mbwa ulipungua kwa asilimia 70, na baada ya mara ya pili kwa asilimia 97, na watu walioumwa wakapungua pia. Si lazima kumchanja kila mbwa. Wakichanjwa 70 katika 100, yule mgonjwa humaliza siku zake chache akiwa amekutana na waliokingwa, na ugonjwa hukosa pa kwenda. Lakini lazima kurudia mara kwa mara, maana mbwa huzaa haraka na vijana wao hawana kinga.

Shida kubwa ilikuwa baridi. Chanjo huhifadhiwa katika jokofu, na vijiji vingi havina umeme. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu yake miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Baada ya hapo watafiti, na Mtanzania Ahmed Lugelo akiwa miongoni mwao, walijaribu kuihifadhi katika vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji. Bibi yeyote wa Babati mwenye mtungi nyumbani angaliweza kuwaeleza kwa nini maji ya mtungi hubaki baridi. Sasa jambo hilo limepimwa kwa kipimajoto.

Mkoa wa Manyara wenyewe umeingia katika kazi hizi kwa mlango wa ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2007 John Kunda na wenzake, pamoja na Bibi Cleaveland, waliandika juu ya wagonjwa wa bruselosisi katika mikoa ya Arusha na Manyara. Ugonjwa huo hufanya mifugo kutupa mimba, na huwaingia watu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika mnyama anayezaa bila kujikinga. Mtu hupata homa ya kwenda na kurudi, na maumivu ya viungo. Walikuta wagonjwa wengi wamechelewa sana kufika hospitali. Ni kisa kile kile cha mtoto wa machungani, ila mgonjwa huyu hafi upesi. Hudhoofika tu, akimeza dawa za malaria.

Katika kisiwa cha Pemba kazi hiyo ilifika mwisho, kisha ikaanza tena. Watafiti, wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifuatilia kila mbwa na kila aliyeumwa kutoka mwaka 2010 hadi 2020. Kwa chanjo ya kisiwa kizima kichaa cha mbwa kilikoma Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Kwa kusoma chembe za urithi za kirusi, watafiti waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa umeingizwa upya kutoka nje, si mara moja bali mara mbili. Mbwa wakachanjwa tena, na Oktoba 2018 ukakoma.

Babati haina bahari ya kuizunguka. Ina barabara kuu, na mbwa hutembea. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa akifikishwa hospitali, kidonda chake kikiisha kuoshwa, ataulizwa maswali ambayo mzazi mwenye haraka huenda akayaona ya upuuzi: ameumwa wapi mwilini, lini, mbwa ni wa nani, alichanjwa au hakuchanjwa, alikuwa akitembeaje, yu hai au amekufa, na je, kuna mwingine aliyeumwa naye? Maswali hayo ndiyo zile hatua za mwaka 2002. Na jibu la swali la mwisho mara nyingine ni jina la mtoto mwingine, aliye nyumbani bado, mwenye kidonda kilichokwisha kukauka.